UZI: "Nimepatikana na malaria na taifodi" – maneno ya ugonjwa tunayoyachanganya huku Nyanza na Magharibi

#1 TabibuNyando

Wadau, hamjambo. Mimi ni klinikal ofisa upande wa Ahero, na asubuhi yangu huanza kwa kusoma daftari za wagonjwa waliopitia kwingine kabla ya kufika kwangu. Zile daftari ndogo zilizofunikwa kwa gazeti, mnazijua. Fungua yoyote: mtoto, malaria na taifodi. Nyanya yake, malaria na taifodi. Kijana aliyebeba magunia ya mchele hadi mgongo ukakataa, malaria na taifodi. Hii ndoa sijui ilifungiwa kanisa gani.

Sifungui uzi huu kubishana na vituo vya watu. Nataka tu mtu akitajiwa jina la ugonjwa aweze kuuliza limepatikanaje. Jina likiwa silo, dawa nayo siyo, na kile kinachokuumiza kinaendelea na kazi yake huku umeshamaliza pesa ya shamba.

Tuanze na kile unachokuja nacho. Dalili ni kile wewe mwenyewe unachosikia: kichwa kinagonga, mdomo mchungu, viungo vimelegea, baridi saa sita mchana. Mimi siwezi kukiona, ni lazima unieleze. Ishara ni kile ninachoweza kuona, kugusa au kupima hata ukinyamaza: joto la 39, macho ya manjano, bandama lililovimba chini ya mbavu za kushoto, mbavu za mtoto zinazoingia ndani akivuta pumzi. Mtoto wa miezi 6 hawezi kunitajia dalili. Nategemea ishara, pamoja na mama yake anayesema "tangu jana jioni amekataa titi." Sentensi hiyo ya mama ina uzito kuliko vipimo vingi, kwa hivyo msione haya kuisema hata kama daktari ana haraka.

Joto la mwili ni ishara. Si ugonjwa. Linaletwa na malaria, nimonia, sikio lenye usaha, maambukizi ya njia ya mkojo, taifodi, surua, hata chanjo aliyodungwa jana. Ukisema "mtoto ana joto, nipe dawa ya malaria" kwa mwenye duka la dawa, umeruka hatua zote za katikati.

Hatua hizo ndizo zinazoitwa utambuzi: maelezo yako, uchunguzi wa mwili, kisha kipimo, kisha mtu anakaa chini na kufikiri. Kipimo peke yake si utambuzi. Hapo ndipo taifodi yetu inapozaliwa. Kipimo kinachotumika vituo vingi kinaitwa Widal. Tone la majimaji ya damu yako linachanganywa na matone ya rangi, moja bluu na jingine jekundu, juu ya kigae cheupe. Kigae kinatikiswa kidogo, na mtu anaangalia kama kuna vipunje vinavyogandana. Vipunje hivyo havionyeshi bakteria wa taifodi. Vinaonyesha kingamwili, yaani askari ambao mwili wako uliwatengeneza. Huenda uliwatengeneza wiki hii. Huenda ni mwaka juzi, au baada ya chanjo, au ulipokutana na bakteria wengine wa ukoo wa karibu. Ndiyo maana Widal moja tu, bila kitu kingine, haitoshi kumwambia mtu ana taifodi. Kinachothibitisha ni kuotesha damu maabara hadi bakteria wenyewe waonekane, na hilo huchukua siku kadhaa na halipatikani kila kituo.

Nitaendelea na visababishi. Ulizeni.

#2 Nyathi_Nyalenda

😂😂 Daktari, mimi niliumwa na nyuki shavuni nikaandikiwa hiyo ndoa. Nilimeza vidonge vikubwa wiki nzima. Uvimbe ulishuka siku ya pili lakini nilimaliza dozi kwa heshima.

#3 MaabaraKibuye

Mkubwa, nakuheshimu lakini usitubebeshe sisi wa maabara. Karatasi inakuja imeandikwa tayari "malaria, taifodi, mkojo." Mimi nafanya kilichoombwa na naandika nilichokiona. Nikiandika 1:80, yaani kiwango cha kingamwili kwenye Widal, sijasema mtu ana taifodi. Anayesema ni yule aliyekaa upande wa pili wa dirisha. Halafu mgonjwa mwenyewe akipimwa malaria tu ikakosekana, anakasirika, anasema mashine yetu ni mbovu na anaenda kwa jirani ambako atapatikana na kitu. Watu wanalipia jina, hawalipii "hatujaona."

#4 TabibuNyando

@MaabaraKibuye umesema kweli na nakubaliana nawe kwa hilo la mwisho. "Hatujaona" ni jibu. Ni jibu zuri sana wakati mwingine, kwa sababu linatufanya tuangalie kwingine.

Sasa visababishi. Magonjwa ya kuambukiza yanaletwa na viumbe, na viumbe hao si wa aina moja. Virusi ni vidogo kupita kiasi na haviwezi kuzaana nje ya chembe hai: mafua, surua, UVIKO, VVU, kichaa cha mbwa. Bakteria ni chembe kamili zinazojitegemea: kipindupindu, taifodi, kifua kikuu, pepopunda. Kuna fangasi, kama wale wa mashilingi ya kichwani. Halafu vimelea, kundi pana kuanzia kile cha malaria kisichoonekana kwa macho hadi minyoo unayoweza kuipima kwa rula.

Mbona nawasumbua na hesabu hii? Kwa sababu dawa haifuati dalili, inafuata kisababishi. Amoksilini inaua bakteria fulani, haina habari na virusi vya mafua. Unameza, mafua yanaisha siku ya saba kama ambavyo yangeisha, na wewe unaapa kwamba amoksilini ndiyo dawa yako. Huku nyuma, bakteria wa kawaida waliomo tumboni wameonja dawa, walio dhaifu wamekufa na wakaidi wamebaki kuzaana. Siku utakapoihitaji kwa dhati haitafanya kazi. Na wala mwili wako haukuzoea dawa, kama watu wanavyosema. Waliozoea ni bakteria, na wanaweza kuhamia kwa mtoto wako ambaye hajawahi kumeza kidonge hata kimoja.

Kisha kuna magonjwa yasiyo na kiumbe chochote nyuma yake: sukari, presha, saratani nyingi, selimundu (sikoseli), utapiamlo, sumu. Hayo hayaambukizi. Mtu wa sukari unakula naye sahani moja bila wasiwasi, labda wasiwasi wa kumaliziwa samaki.

#5 MamaWawili_Kondele

Daktari habari. Mtoto wangu wa miaka 3 alipatikana na malaria, akapewa zile dawa za siku tatu, akamaliza zote, akapona kabisa. Baada ya wiki moja na nusu akawa na kikohozi, nikampeleka kituo kingine, wakampima tena kwa kile kijiplastiki wakasema malaria bado ipo, dawa ya kwanza ilikuwa feki, nimpe sindano. Nilinunua. Ni kweli ilikuwa feki?

#6 TabibuNyando

Mama wawili, pole. Kwa jinsi unavyoeleza, sioni ushahidi kwamba dawa ya kwanza ilikuwa feki.

Kile kijiplastiki kina tundu dogo la tone la damu, tundu la maji ya dawa, na kidirisha chenye herufi C na T. Mstari wa C ni wa kukagua kama kipimo chenyewe kinafanya kazi. Ukikosekana, tupa, hata kama T imetokea. Mstari wa T ndio wa malaria. Lakini kipimo hicho hakioni kimelea. Aina inayotumika zaidi kwetu inanusa protini inayoachwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum, ndicho kinacholeta malaria nyingi Kenya. Dawa inaua vimelea, lakini protini inabaki ikielea kwenye damu kwa wiki kadhaa. Kwa hivyo mtoto aliyepona anaweza kuendelea kuonyesha mistari miwili. Mtu aliyetibiwa juzi apimwe kwa hadubini, damu ipakwe kwenye kioo, mtu aangalie kama kuna kimelea kweli. Ukienda kituo kipya beba daftari la zamani na useme mapema: "alimaliza dawa ya malaria tarehe fulani." Kikohozi chake kilihitaji mtu wa kumvua shati na kuhesabu pumzi.

Kuna jambo jingine la huku ziwani. Mtu mzima aliyekulia Nyando au Siaya, akiumwa na mbu mwaka hadi mwaka, mwili hujenga kinga ya kiasi. Anaweza kutembea na vimelea kwenye damu na asisikie lolote. Mtu huyo akipata nimonia na kupimwa malaria, ataonekana nayo, na ni kweli anayo, ila siyo inayomuumiza leo. Kuambukizwa ni jambo moja, kuugua ni jingine.

Na kinga hiyo haikai milele. Mnajua Disemba inavyokuwa: gari zinatoka Nairobi zimejaa, watu wanakuja ocha, yaani kijijini kwao, kula sikukuu. Kijana amekaa Nairobi miaka mingi, anasema "mimi ni wa huku, malaria hainipati," analala bila neti. Kinga yake ilishapungua zamani. Mwili wake sasa unafanana na wa mgeni, na watoto wake waliozaliwa mjini hawana kabisa.

#7 Jaduong_Seme

Vijana, nawasoma. Mimi ni mzee wa Seme. Mnasema viumbe, viumbe. Sawa. Lakini katika boma moja, watoto watatu wanalala neti moja, wanakunywa maji ya mtungi mmoja. Ugonjwa unamshika mmoja na kuwaacha wawili. Hospitali inaniambia ni kimelea. Sijauliza ni nini, nimeuliza kwa nini huyu. Wazee wetu walikuwa na jibu, wakaita chira, wakatafuta mwiko uliovunjwa. Ninyi jibu lenu ni lipi?

#8 TabibuNyando

Jaduong', asante kwa swali hili, na nakujibu kwa adabu. Sisi pia tunauliza kwa nini huyu. Majibu yetu huwa vipande vipande, na yanaitwa vihatarishi: umri, lishe, damu aliyorithi, kinga, kazi anayofanya, mahali anapolala hata ndani ya neti hiyohiyo, maana mguu unaogusa neti unaumwa na mbu.

Nikupe mfano kutoka jirani. Mwaka 1958 daktari mpasuaji wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Mulago, Kampala, jina lake Denis Burkitt, aliandika kuhusu saratani ya watoto iliyokuwa ikivimbisha taya. Huku kwetu pia ipo, tunawaona watoto hao. Mwaka 1964 ndani ya chembe za uvimbe ule kikaonekana kirusi ambacho sasa kinaitwa Epstein-Barr. Mtu angesema basi, kisababishi ni hicho. Lakini kirusi hicho karibu kila mtu duniani anakipata maishani, na walio wengi hawapati saratani. Inapoonekana sana ni kule ambako malaria haiachi kuwapiga watoto. Kwa hivyo kirusi peke yake hakitoshi, malaria peke yake haitoshi, na hata vikikutana, watoto wengi wanasalimika na wachache wanaugua. Sababu moja ya kila ugonjwa haipo, Jaduong', ingawa ingeturahisishia kazi.

Kuhusu chira nitasema hili tu. Katika miaka ya 1980 na 1990 watu walikonda, wakaharisha, wakatoka vidonda, na maboma mengi yakasema ni chira kwa sababu dalili zilifanana na zile wazee walizozijua. Kumbe kisababishi kilikuwa VVU. Hao wazee hawakuwa wajinga, dalili waliziona sawasawa. Tatizo ni kwamba dalili zinafanana kwa magonjwa mengi. Na ninyi mnaonisoma mjini msicheke, maana "taifodi" ya leo inafanya kazi ileile.

#9 Jaduong_Seme

Nimekusikia. Sijakubali yote. Lakini umejibu kama mtu aliyelelewa.

#10 Mwalimu_Mulembe

Mulembe muno kutoka Kakamega. Nafundisha sayansi, na hili la kuambukizwa bila kuugua huwa nalifundisha kwa kisa cha Mary Mallon. Alikuwa mpishi New York, mwenye afya yake, haumwi chochote. Karibu kila nyumba aliyopikia watu waliugua taifodi. Mwaka 1907 wakamtambua kuwa ndiye aliyebeba bakteria bila kujua, wakamtenga. Walimwachilia 1910 kwa sharti asipike tena. Akabadilisha jina akarudi jikoni, akakamatwa 1915 na kutengwa hadi alipofariki 1938. Wanafunzi hugawanyika nusu kwa nusu kama alitendewa haki.

Swali langu: mtoto akipata surua darasani, wazazi huniuliza niwatenge wengine siku ngapi. Na je, huyo mgonjwa ameanza kuambukiza lini?

#11 TabibuNyando

Mwalimu, kisa hicho kinafaa hasa kwa wenye vibanda vya chakula wanaolalamika kuhusu cheti cha afya. Yule mama ndiye tunayemwita mbebaji.

Tuweke saa mbili tofauti. Ya kwanza inahesabu tangu kiumbe kinapoingia hadi dalili ya kwanza: hiki ni kipindi cha kuatamia. Kipindupindu kinaweza kuchukua saa chache, hadi siku 5 hivi. Malaria ya falciparum mara nyingi ni kati ya wiki moja na mbili, wakati mwingine zaidi. Kichaa cha mbwa kwa kawaida ni miezi 2 au 3, na kinaweza kufika mwaka. Saa hii inaokoa watu. Aliyetoka Kisumu Jumapili akaugua malaria Nairobi wiki inayofuata, aliumwa na mbu huku, na daktari wa Nairobi asipoambiwa safari hiyo huenda asifikirie malaria mapema. Na kwa sababu kichaa cha mbwa kinachelewa, chanjo inayotolewa baada ya kuumwa inawahi kujenga kinga kabla kirusi hakijafika kwenye ubongo. Ukiumwa na mbwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 nzima, halafu nenda hospitali siku hiyohiyo. Dalili zikishaanza hatuna la kukufanyia.

Saa ya pili inahesabu muda wa kuambukiza wengine, na hailingani na ya kwanza. Surua inaambukiza tangu siku 4 kabla ya vipele hadi siku 4 baada. Maana yake ulipomwona mtoto ana vipele, darasa lilishapumua hewa moja naye. Mgonjwa akae nyumbani hadi siku hizo 4 baada ya vipele ziishe. Kwa waliobaki, swali la maana zaidi ni nani hajapata dozi zote mbili za chanjo. Wapelekwe upesi.

Kifua kikuu kina saa yake ya ajabu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wameshaambukizwa. Kwa wengi bakteria wamelala, mtu hakohoi, haumwi na haambukizi mtu. Kati ya watu 100 wa namna hiyo, 5 hadi 10 hivi wataugua wakati fulani maishani, hasa kinga ikishuka. Ndiyo maana mtu anayeishi na VVU hupewa dawa ya kuzuia kifua kikuu akiwa mzima. Watu huuliza "nameza dawa ya nini na sikohoi?" Anameza kwa ajili ya hao waliolala.

#12 BodaMamboleo

Daktari mimi sina shida za hospitali. Kichwa hakiniumi, nalala vizuri, sina presha.

#13 TabibuNyando

Bro, presha haina dalili kwa watu wengi. Kichwa hakiko kwenye mkataba. Wakikupima siku tofauti na wakaendelea kuona 140 juu ya 90 au zaidi, unayo, hata kama unajisikia kama Omanyala, yule mkimbiaji wetu wa mbio fupi. Ni ishara bila dalili. Ukifika kituo, kaa dakika 5 kwanza upumzike, usipimwe ukiwa umetoka tu kwenye pikipiki na mzigo wa kabichi. Na ikipatikana, ni ugonjwa sugu: hauponi kama malaria, unadhibitiwa. Namba zikishuka ujue ni dawa inafanya kazi. Ukiiacha kwa sababu "nimepona," zitapanda tena kimya kimya.

#14 NyarSakwa

Daktari naomba nisaidie, hili linanikosesha usingizi. Mtoto wetu wa pili amepimwa wakasema ana sikoseli. Mama mkwe anasema kwao haijawahi kuonekana, kwa hivyo nimeileta mimi. Mume wangu ananyamaza tu. Halafu mtu hapa mtaani ananiambia nisiogope, eti sikoseli inakinga mtu na malaria.

#15 TabibuNyando

Dada, pole sana. Soma polepole, na ukiweza umsomee na mzee wako.

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Hauambukizi, haukuletwa na chakula wala laana. Kila mtu ana nakala mbili za maagizo ya kutengeneza hemoglobini, ile inayobeba hewa kwenye damu. Moja ilitoka kwa baba, moja kwa mama. Mwenye nakala mbili za kawaida huandikwa AA. Mwenye moja ya kawaida na moja ya selimundu ni AS: huyu ni mbebaji, ni mzima, anaweza kuishi hadi uzee bila kujua. Mwenye mbili za selimundu ni SS, na huyo ndiye mgonjwa. Chembe zake nyekundu hujikunja kama mundu, zinakwama kwenye mishipa midogo, ndiyo yale maumivu ya mifupa na mikono inayovimba, na zinakufa mapema, ndiyo upungufu wa damu.

Ikiwa mtoto wako ni SS, nakala moja imetoka kwako na moja kwa baba yake. Hakuna njia nyingine ya kawaida. Mama mkwe anaposema kwao haijaonekana anasema kweli kwa maana ya wagonjwa, lakini wabebaji hawaonekani kwa macho. Nendeni wote wawili mpimwe. Usiende peke yako, maana ukirudi na karatasi yako tu, hiyo AS itakuwa fimbo ya kukuchapia.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya SS, 2 kati ya 4 ya AS, na 1 kati ya 4 ya AA. Kila mimba, peke yake. Watu wengine husema "tumeshampata huyo mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima." Hesabu haikumbuki mtoto aliyepita.

Sasa la malaria. Huyo jirani amesikia jambo la kweli akaliweka kwa mtu asiye wake. Anthony Allison, aliyekulia hapa Kenya, alikusanya damu nchini mwaka 1949 na kuona kwamba wabebaji walikuwa wengi pwani na huku ziwani, na wachache nyanda za juu kulikokuwa na malaria kidogo. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mbebaji, AS, ana kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu nakala hiyo imebaki nyingi katika koo zetu za ziwani: kwa vizazi na vizazi iliwasaidia wabebaji kuishi. Lakini mtoto wa SS hana faida hiyo. Kwake malaria ni hatari kubwa zaidi kuliko kwa mtoto mwingine, inaweza kumshusha damu haraka. Kwa hivyo neti kila usiku, dawa ya kuzuia malaria kama kliniki itakavyompa, chanjo zote, foliki asidi, maji ya kunywa kwa wingi, na akiwa na joto usingoje asubuhi. Uliza pia kuhusu haidroksiyurea, ni dawa inayopunguza yale maumivu na ipo nchini.

#16 NyarSakwa

Ero kamano, daktari. Nimemsomea. Amesema tutaenda wote Alhamisi.

#17 Omogusii_Nyanchwa

Hongereni. Mimi nauliza kwa nini huku Kisii malaria ikija redio inasema "mlipuko," na kwenu Kisumu watu wanaugua kila siku hakuna anayetangaza kitu. Ubaguzi?

#18 TabibuNyando

Haha, hapana. Mlipuko hauhesabiwi kwa wingi, unahesabiwa kwa kuzidi kawaida ya mahali. Kando ya ziwa malaria ni ya kudumu, ipo mwaka mzima, na wagonjwa wengi ndiyo kawaida yetu, kwa bahati mbaya. Nyanda za juu kama kwenu, Nandi na Kericho, baridi huizuia, halafu mvua na joto vikipatana inapanda ghafla, na inawakuta watu wazima wasio na kinga. Wagonjwa wachache kwenu wanaweza kuwa mlipuko, na wengi zaidi kwetu isiwe. Kwa kipindupindu ni kali zaidi: mgonjwa mmoja tu aliyethibitishwa kuambukizwa hapohapo anatosha kutangaza mlipuko. Ukisambaa nchi na mabara huwa janga la dunia, kama UVIKO: Shirika la Afya Duniani lililiita hivyo tarehe 11 Machi 2020, na siku mbili baadaye Kenya ikatangaza mgonjwa wake wa kwanza.

Upande wa kushuka nako kuna ngazi. Ndui ilifutwa duniani kote, ikatangazwa 1980, na leo hakuna anayechanjwa ndui mtaani. Malale ni tofauti. Wazee wa Bonde la Lambwe wanamjua vizuri mbung'o, yule inzi anayeeneza malale. Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba Kenya imeyaondoa malale kama tatizo la afya ya umma. Kuondoa si kufuta: mbung'o bado wapo, kwa hivyo ufuatiliaji unaendelea.

Jingine la takwimu, upesi. Kaunti zetu za ziwani hutajwa kuwa na watu wengi wanaoishi na VVU, na wengine husikia kwamba tunaambukizana zaidi kila mwaka. Idadi ya wanaoishi na ugonjwa na idadi ya maambukizi mapya ni namba mbili tofauti. ARV zikifanya kazi watu hawafi mapema, kwa hivyo namba ya kwanza inaweza kubaki juu huku ya pili ikishuka. Mtangazaji akikusomea asilimia, muulize ni ipi kati ya hizo.

#19 Dunga_Beach

Mkubwa, la mwisho kutoka kwangu. Kijana wangu alipewa dawa ya kichocho shuleni, vile vidonge vikubwa vinavyopimwa kwa kijiti cha urefu. Mwaka huu tumbo linamuuma tena na kuna damu kwenye choo. Je, dawa ilishindwa, ugonjwa umerudi, au ni mwingine? Na nimpeleke na nini hospitali?

#20 TabibuNyando

Umeuliza vizuri, kwa sababu hayo ni mambo matatu tofauti. Dawa kushindwa ni pale minyoo inapobaki hai baada ya dozi. Ugonjwa kurudi ni pale ulioonekana umeisha unaamka tena kutoka mwilini humohumo. Kuambukizwa upya ni kiumbe kipya kutoka nje. Kwa mtoto wa Dunga nashuku zaidi la tatu. Prazikwanteli, ndiyo hiyo dawa ya shuleni, huua minyoo iliyokomaa, michanga haiwezi vizuri, na haiachi kinga yoyote. Mtoto akimeza Jumatatu na kuogelea Jumanne kwenye magugu yenye konokono, anaanza upya. Viluwiluwi vya kichocho hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda.

Ila damu kwenye choo ina sababu nyingine pia, kama amiba na kuhara damu kwa bakteria, kwa hivyo usimpe tu dawa ileile. Aina ya kichocho iliyoenea ziwani hukaa kwenye mishipa ya utumbo na mayai yake hutoka kwa kinyesi. Ile ya mkojo ni nyingine. Mpelekee mtu wa maabara choo cha asubuhi kwenye kichupa safi chenye kifuniko, kisichanganyike na mkojo, kifike mapema kikiwa bado kibichi. Mayai hayatoki kwa wingi uleule kila siku, kwa hivyo wasipoyaona mara ya kwanza rudi na kingine kesho yake. Na mwambie klinikal ofisa kwamba mnaishi ufukweni, kabla hajaandika ile ndoa.